Stumai wa Busunzu

Kibondo,
10 Januari 1971

Mdogo wangu Abdalah,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Kudra na hilo tumbo lake. Mwambie apumzike, asibebe maji kichwani kutoka mtoni. Kama wewe huwezi kuyabeba, basi tafuta mtu.

Sisi huku hatujambo. Mvua za mwaka huu hazina adabu, zimeangusha ukuta wa jiko la nyuma na migomba ya jirani imelala yote. Mwanangu Adija alishikwa na homa kali. Sasa anakula na kugombana na kila mtu, nami nimeshukuru.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Nimeacha kuuza maandazi barazani. Nimepanga chumba karibu na kituo cha basi, mlango wake unatazama barabara. Nitapika chai na supu asubuhi, mchana wali na maharage, na samaki wa migebuka wakipatikana kutoka Kigoma. Bwana afya amekuja akatazama choo na jiko, akaridhika. Bwana biashara ndiye aliyeniuliza, "Mama, hoteli yako itaitwaje?" Nikamjibu, "Stumai Hoteli." Akasema, "Huwezi kuandika jina juu ya mlango hivi hivi. Kama si jina lako mwenyewe, liandikishwe kwa Msajili, Dar es Salaam. Na kabla ya kuliandikisha uulize kwanza kama liko wazi. Pengine mwenzio amekwisha kulichukua."

Nilicheka mbele yake. Nani mwingine ana Stumai? Mama yetu Stumai alitulea kwa sinia la vitumbua kichwani, jua lake mvua yake, akafa hajapata mlango wake wa kuuzia. Nataka mlango huu uwe wake.

Wewe una mashine ya chapa hapo ghalani, na maneno ya ofisi unayajua. Niandikie kwa Msajili. Ubao nimekwisha kuununua ila sijaupaka rangi.

Adija anakusalimu na anauliza Kasulu mna nini cha kumletea.

Dada yako,
Tunu binti Athuman


Kasulu,
24 Januari 1971

Dada yangu Tunu,

Shikamoo. Barua yako niliipokea Jumatano kwa mkono wa dereva, nikaisoma nimesimama. Kudra anaendelea vizuri, na maji nabeba mimi. Watu wa mtaa wananicheka, lakini agizo lako ni agizo. Huku nako mvua kubwa, magari ya kahawa yamekwama Makere na ghala limejaa mpaka mlangoni.

Nimemwandikia Msajili siku ileile. Nimemwuliza kama jina la Stumai Hoteli linatumiwa na mtu yeyote, na kama halitumiwi tuletewe karatasi za kuandikisha. Bwana biashara amekuambia kweli. Wakikuta jina hilo, au linalofanana nalo sana, limo kitabuni mwao, hawakubali. Kwa hiyo nakuomba usipake rangi mpaka jibu lije. Najua mikono yako haina subira.

Dada, nilipoisoma habari ya mama nilitoka nje kidogo. Nakumbuka ulivyoacha shule ili mimi niendelee. Mpaka leo sijapata kitu cha kukupa. Hili jina nitakupatia.

Msalimu Adija. Mwambie Kasulu kuna matope tu.

Mdogo wako,
Abdalah


Kibondo,
14 Machi 1971

Mdogo wangu Abdalah,

Salaam kwenu nyote. Miezi miwili inakaribia sijasikia neno. Kama Kudra anaumwa niambie. Kama ni Msajili aliyenyamaza, niambie pia, nijue wa kumlaumu.

Hoteli nimeifungua bila jina. Wateja wapo. Wapo walimu wawili wa kutoka Bukoba wasiojua kupika hata uji, na madereva, na akina mama wanaoleta maharage kutoka Kitahana na Kumsenga. Wananiita Mama Hoteli. Kila nikiuona ule ubao umeegemea ukuta, mtupu, najiona kama mtu aliyekaribisha wageni kabla hajapika.

Fanya uharakishe.

Dada yako, Tunu


Kasulu,
2 Aprili 1971

Dada yangu Tunu,

Shikamoo. Kudra hajambo. Si yeye, ni Dar es Salaam. Jibu limefika jana, na si jema.

Jina halipo wazi. Stumai Hoteli iliandikishwa mwaka 1958, na mwenyewe hayuko Mwanza wala Tabora, yuko hapo katikati yetu, Busunzu. Anaitwa Venanti. Mtu wa ghala anayetokea upande huo aliniambia ni mzee mmoja mwenye kibanda kando ya barabara. Basi limetupitisha pale miaka yote na hatukujua.

Msajili anasema tuchague jina jingine. Ama, mwenye jina akiwa hafanyi tena biashara, aweke sahihi kuwa ameliacha na arudishe cheti chake, ndipo litakuwa wazi kwa mwingine.

Ushauri wangu ni tuchague jingine. Majina ni mengi.

Mdogo wako, Abdalah


Kibondo,
12 Aprili 1971

Abdalah,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima.

Barua yako imenichoma. Mzee wa Busunzu ana haja gani na jina la mama yangu? Nani huko kwake aliyemjua mama? Kibanda cha kando ya barabara na jina kubwa hivyo, na mimi nina meza sita na bati juu.

Wewe unasema majina ni mengi. Mama tulikuwa na mmoja.

Mwendee. Zungumza naye kiungwana, labda amekwisha kuchoka na biashara. Fanya uwezavyo, Abdalah. Wewe ni mwanamume, na umesoma. Mimi nilibaki nyumbani.

Tunu


Kasulu,
9 Mei 1971

Dada yangu Tunu,

Shikamoo. Kudra amejifungua mtoto wa kiume salama usalimini, tumempa jina la baba, Athuman. Analia kwa sauti ya mnadani.

Lile jambo limekwisha. Nilishuka Busunzu, mzee ameliacha jina. Ametia dole gumba na cheti amenipa, nimevituma Dar es Salaam pamoja na karatasi zako. Kibanda chenyewe kilikuwa kimekufa. Paka ubao wako rangi.

Nina kazi nyingi ghalani, nisamehe kwa ufupi huu.

Abdalah


Kibondo,
20 Juni 1971

Mdogo wangu,

Alhamdulillahi kwa Athuman! Nimemtumia shuka na asali ya Kibondo, asali ni ya mama yake, asilambishwe mtoto.

Cheti kimefika kwa posta. Ubao umepanda juu ya mlango, herufi nyekundu juu ya nyeupe, na fundi ameongeza birika pembeni bila kuambiwa. Nilisimama barabarani nikalia, Adija akaniambia nawatia aibu. Wateja wote walikunywa chai yangu bure siku ile.

Nakushukuru. Umefanya jambo kubwa, mama angekuwepo angekubusu kichwa.

Nilitaka kukuuliza mzee yule alisema nini ulipomweleza habari za mama. Lakini najua una kazi nyingi. Utanieleza tukionana.

Dada yako,
Tunu, wa Stumai Hoteli


Kasulu,
18 Julai 1971

Dada Tunu,

Shikamoo. Asali imefika, Kudra anashukuru. Athuman anakua, ana shingo ngumu. Kahawa imeanza kuletwa kwa wingi, natoka ghalani nimechoka. Kudra alitaka tuje kwako mwezi ujao. Nimemwambia mtoto bado mdogo kwa safari hiyo.

Nimefurahi kwa ajili ya ubao.

Abdalah


Kibondo,
15 Agosti 1971

Abdalah,

Salaam kwa mkeo na mtoto. Adija hajambo. Mimi silali vizuri, na nitakuambia kwa nini.

Yuko mama mmoja, Epifania, anayeniletea maharage kutoka Busunzu. Wiki tatu zilizopita alisimama nje ya mlango wangu akautazama ubao. Hasomi sana, lakini hilo neno analijua. Akasema, "Kumbe Stumai kahamia huku." Nikamwuliza, Stumai gani? Akasema, "Wa Mzee Venanti. Tulikuwa tukinywa chai pale kila siku ya gulio. Mwezi wa tano alizima moto akafunga. Watu wanasema alifanya kosa na serikali, mtu wa ofisini alikuja kumkataza."

Wewe uliniandikia kibanda kilikuwa kimekufa.

Nilikaa na neno hilo siku nyingi nikijifanya sijalisikia. Juzi nikashindwa, nikapanda basi nikashuka Busunzu.

Nilimkuta mzee amekaa mlangoni, anachambua mtama kwenye ungo. Mrefu, mkavu, miguu imevimba. Kando yake ubao wa zamani umegeuzwa uso ukutani. Nikamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," akaitikia, akaniwekea kigoda. Nikasema mimi ni msafiri, naomba chai kama ipo.

"Chai hapa imekwisha, mwana wanje," akaniita mwanawe. "Nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani?"

"Na serikali. Jina langu lilikuwa la zamani. Walikuja kulichukua."

Nikasema, "Lakini chai si jina, mzee. Ungeweza kupika tu."

Akanitazama kana kwamba nimesema jambo la kitoto. "Nipike ili iweje? Chai ile ilikuwa yake."

Ndipo akanieleza, Abdalah. Stumai alikuwa mkewe. Msichana wa Kiislamu kutoka Ujiji, alimfuata yeye Mkristo huku milimani, na kwao wakamkana, wakasema hawana tena mtoto huyo. Huku nako akabatizwa, akaitwa Maria. Mama mkwe alimwita Maria, padri Maria, majirani Maria. Alikufa katika uzazi wa kwanza, na mtoto naye. Hata kwenye msalaba wa kaburi lake wameandika Maria.

"Mimi peke yangu ndiye niliyemwita Stumai, ndani ya nyumba," akasema. "Alipokufa nikajua nikifa mimi, hakuna atakayejua kwamba alikuwako mtu wa jina hilo. Nikaenda wilayani kwa karani wa bwana shauri, Mwingereza, nikamwambia nataka jina liandikwe mahali lisipofutika. Akacheka. Akasema, mzee, fungua biashara, jina litaingia kitabu cha serikali Dar es Salaam, na kitabu kile hakitupwi. Basi nikajifunza kupika chai."

Kisha akasema, "Na sasa wamemfuta."

Mdogo wangu, nilikuwa nimevaa kanga yangu nzuri. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia mimi ni nani. Sikuweza. Nilimwachia sukari niliyokuja nayo, akaniombea safari njema, nikapanda basi kama mwizi. Nimefika kwangu nikapita chini ya ubao ule nimeinamisha kichwa.

Ulimwambia nini mzee yule?

Tunu


Kibondo,
12 Septemba 1971

Abdalah,

Basi la Kasulu limekuja mara nyingi, na dereva anasema wewe u mzima, anakuona ghalani.

Ubao nimeushusha. Wateja wanauliza, nawaambia rangi inarekebishwa. Nimeanza kusema uongo kwa walimu na madereva.

Nilikuambia fanya uwezavyo. Nililiandika neno hilo nikijua maana yake, na jibu lako lilipokuja fupi vile, nililiona. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kusikia. Kwa hiyo usiogope ukali wangu, sina mahali pa kuusimamisha. Nataka tu kujua.

Tunu


Kasulu,
26 Septemba 1971

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Kudra ameniuliza nina nini, nikamfokea, kisha nikamweleza yote. Hajanifokea. Ila tangu siku ile hanipi mtoto nimbebe mpaka niombe.

Nilipanda basi la asubuhi nikiwa nimevaa koti, na kwapani nimeshika faili la ghala. Nilijiambia koti ni kwa ajili ya baridi ya milimani. Nilipofika, moto ulikuwa unawaka. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, siku ya gulio. Kibanda hakikuwa kimekufa, dada. Mzee alinimiminia chai kabla hajaniuliza nimetoka wapi.

Watu walipotawanyika akaja kukaa, akalitazama faili. "Wewe umetoka serikalini?"

Sikusema ndiyo. Sikusema siyo.

Nilikuwa nimepanga kumweleza habari za mama yetu na kumwomba. Wallahi ndivyo nilivyopanga. Lakini nilimwona anaogopa, na hofu yake ilinifupishia kazi. Nikasema, "Mzee, majina ya zamani yanaondolewa. Asiyerudisha la kwake kwa hiari ataitwa wilayani." Sauti ilitoka kavu kabisa, kama ya bwana mkubwa wa ghala anapotugombeza sisi makarani.

Akauliza, "Nimekosa nini?" Nikamwambia hakuna kosa, ni utaratibu. Akaingia ndani, akatoka na cheti amekifunga ndani ya kitambaa. Alipokuwa anaweka dole gumba akaniuliza swali ambalo sikulielewa mpaka niliposoma barua yako. Aliniuliza, "Na kule kitabuni, atabaki?"

Nilidhani ni Kiswahili cha shambani, kachanganya "litabaki" na "atabaki". Nikamjibu, "Hapana mzee. Litafutwa kabisa."

Akafuta wino kidoleni kwa majivu. Akanisindikiza mpaka barabarani, akalisimamisha basi kwa ajili yangu.

Nilitaka nikupe kitu, dada. Nimekupa hicho.

Abdalah


Kibondo,
17 Oktoba 1971

Mdogo wangu Abdalah,

Wa aleikum salaam. Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Sitakutukana. Mama hakutulea kwa matusi.

Nilikwenda Busunzu mara ya pili. Safari hii nilisema kabla sijakaa. Nikamwambia, "Mzee, jina lako nililiweka juu ya mlango wangu Kibondo. Aliyekuja na koti ni ndugu yangu, tumbo moja. Serikali haikukukataza kitu. Mimi ndiye niliyelitaka."

Nikaongeza kwamba nami nilikuwa na Stumai wangu, mama aliyenizaa. Nilitegemea atanifukuza. Akauliza, "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?" Nikamweleza vitumbua, na alivyokuwa akicheka amefumba macho, na alivyokuwa akituimbia wakati wa kusaga. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Alikuwa na bahati, huyo. Amewaacha ninyi." Nilipoondoka akasema, "Ndugu yako aje mwenyewe."

Sasa sikiliza. Nimetia sahihi kwamba nimeliacha jina, na cheti changu kimo ndani ya bahasha hii. Bwana biashara amenionya kwamba likishaachwa liko wazi kwa yeyote, hata mtu wa Kigoma au Shinyanga akiomba kesho atapewa. Kwa hiyo usilale na bahasha hii. Mwandikie Msajili leo, uulize tena kama Stumai Hoteli liko wazi, na karatasi za kuandikisha zijazwe kwa jina la Venanti wa Busunzu. Uandike vizuri kuliko ulivyoniandikia mimi.

Bwana biashara akaniuliza basi hoteli yangu itaitwaje. Nimemwambia itaitwa Tunu binti Athuman. Hilo halina haja ya kuulizwa Dar es Salaam.

Dada yako, Tunu


Kasulu,
21 Novemba 1971

Dada yangu,

Shikamoo. Athuman ameota jino, Kudra anakusalimu sana. Nimeandika siku ileile bahasha ilipofika. Jibu bado. Kila gari la posta likija naacha kupima kahawa nakwenda kusimama mlangoni, mpaka bwana mkubwa amenionya. Nikimwona mfanyabiashara yeyote mgeni hapa Kasulu namwuliza duka lake linaitwaje. Nimekuwa kama mwehu. Nikifikiri kwamba mtu fulani, asiyetujua wala tusiyemjua, anaweza kulichukua kwa sababu tu amelipenda, nahesabu tena siku za posta.

Nami nilikuwa mtu huyo.

Abdalah


Kasulu,
16 Januari 1972

Dada yangu Tunu,

Shikamoo. Sote wazima, na mvua zimerudi. Jibu lilifika baada ya mwaka mpya. Jina lilikuwa wazi. Cheti kimekuja kwa jina la Venanti, na nimekipeleka mwenyewe.

Nilikwenda siku ya gulio, bila koti. Nilimkuta pale mlangoni, na watu wanapita na mizigo yao ya muhogo. Alinitambua nikiwa bado mbali. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikamnyooshea cheti kwa mikono miwili. Hakukipokea.

"Kisome," akasema.

Nikasoma.

"Soma hawa wasikie."

Wapita njia walikuwa wameanza kusimama. Yule Epifania wako alikuwapo, na mzee mwenziwe mmoja anaitwa Reverien, na wengine. Nikasimama nikasoma kwa sauti: Stumai Hoteli, Busunzu, na jina la mwenyewe. Nilipomaliza akasema, "Sasa waambie nilifungaje. Hawa wanadhani niliiba. Wengine waliwakataza watoto wao kuja kwangu."

Nikawaambia, dada. Nilisema mimi si mtu wa serikali, ni karani wa ghala la kahawa, nilimtisha mzee huyu kwa uongo nikamnyang'anya kitu chake. Nilitaka kuongeza kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya mama. Neno lilifika mdomoni nikalimeza. Hakuna aliyenitukana. Reverien alinitazama tangu viatu mpaka kichwani, akasema, "Kijana mwenyewe mdogo hivi?" Ningependa angenipiga.

Ndipo Mzee Venanti akapokea cheti, akakitia kifuani. Akanionyesha mafiga yaliyoota nyasi katikati. "Moto wangu uliuzima wewe. Uwashe wewe."

Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua. Nilipiga magoti nikang'oa nyasi, nikapuliza mpaka kichwa kikazunguka, na watu wote wale wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri, hakuna aliyenisaidia, na mzee alipoona Epifania anainuka alimwambia kaa. Ulipowaka alileta birika. Ubao aliugeuza mwenyewe. Aliwamiminia wote, mimi akanipa mwisho, chai nzuri ya tangawizi, nami nikalipa kama wengine naye akapokea. Sikuthubutu kuuliza kama amenisamehe.

Basi liliposikika likipanda mlima aliniita kando. Nikafikiri sasa ndipo atakaposema. Akaniuliza, "Stumai wenu mlimzika wapi?"

Nikamjibu, Kitahana.

"Hapo karibu na dada yako. Na anayepalilia kaburi ni nani?"

Nilidhani labda wewe. Kisha nikakumbuka kwamba katika barua zote hizi za jina la mama, si wewe si mimi aliyewahi kulitaja kaburi lake. Mimi sijafika tangu siku ile ya mazishi. Hata mahali penyewe sina hakika nitapaona. Basi likasimama, nikapanda.

Sikuulizi wewe ulikwenda lini. Ijumaa ijayo nakuja, pamoja na Kudra na mtoto. Tukitoka kwako twende wote Kitahana, na Adija, tukatafute. Jembe nakuja nalo.

Mdogo wako,
Abdalah